Pikipiki ikikata mauno, usishangilie

Leo sizungumzii mapenzi, ingawa mwenye masikio atajisikia humo humo. Leo nazungumzia kiuno.

Najua umeshatabasamu. Mjini hapa kiuno kinachozunguka watu hukilipia kiingilio. Bendi ikiingia kwenye sebene na wanenguaji wakajipanga mbele, hata mzee aliyekuja na bakora ataiegesha ukutani. Lakini kuna kiuno kimoja ambacho kikianza kukatwa, ndugu yangu, usipige makofi. Shuka. Ni kiuno cha pikipiki.

Kila pikipiki ina mahali pa nyuma panapojikunja. Tairi likipanda tuta, ule mkono unaolibeba, ambao mafundi huuita swingamu, hupanda na kushuka. Penye kujikunja lazima pawe na beringi au bushi, la sivyo chuma kitakula chuma. Hicho ndicho kiuno. Kikiwa kizima hujui hata kama kipo. Kikilegea, mashine inatembea kama mtu aliyetoka kilabuni saa tisa usiku: miguu inakwenda, nyuma inafuata kwa hiari yake.

Nimelipata somo hili kupitia jamaa yangu mmoja wa Tabata, ambaye pikipiki yake si hizi tulizozoea. Ni BMW R 1100 GS, zile kubwa za miaka ya 1990, ambayo aliinunua kwa mgeni aliyemaliza mkataba wa kazi na kurudi kwao. Mashine ile ikiwa na mafuta inazidi kilo 240, kabla hujapandisha mtu wala begi. Na haina mnyororo. Inasukumwa na shafti, kama gari. BMW wanatumia shafti tangu pikipiki yao ya kwanza kabisa, R 32 ya mwaka 1923. Ndiyo maana nyuma, kwenye ringi, unaona dude la chuma limevimba. Lile ni difu, na ndani yake mna krauni na pinioni zinazopokea nguvu ya shafti na kuigeuza kwenda kwenye tairi.

Shafti ni tamu, haikurushii grisi kwenye suruali. Ila ina visa vyake. Ukivuta moto, pinioni inataka kuipanda krauni, na nyuma ya pikipiki inanyanyuka. Ukiachia, inazama. Mwaka 1987 BMW walileta dawa yake kwenye R 80 GS na R 100 GS, wakaiita Paralever. Badala ya kiungo kimoja wakaweka viwili: kimoja mbele, swingamu inapoanzia, na kingine nyuma kabisa, difu linapokutana na swingamu. Halafu wakaweka fimbo ya chuma inayolishika difu lisipinduke. Mashine ikatulia.

Ila kila kiungo kina wenyewe wanaokibeba. Kile cha nyuma kinabebwa na beringi mbili tu, moja kulia na moja kushoto, kila moja ndogo kiasi cha kufichwa ndani ya ngumi. Ndani yake hamna gololi bali roli nyembamba kama sindano. Zimekaa kwenye difu, na kila moja inaingiliwa na pini nene yenye nyuzi iliyofungwa kwenye swingamu. Uzito wa nyuma, mashimo ya barabarani, ukivuta moto, ukikamata breki, vyote vinapita hapo.

Sasa sikia kinachoziua. Beringi ya tairi inazunguka mzunguko mzima, kwa hiyo kila sehemu yake inapata zamu ya kubeba mzigo na zamu ya kupumzika, na grisi inasambaa. Beringi ya kiuno haizunguki. Inapepesuka nyuzi chache tu, mbele na nyuma, mahali pale pale, maisha yake yote. Roli zinagonga mstari ule ule mpaka zinauchimba. Grisi inasukumwa pembeni na hairudi. Ongeza maji ya masika, ongeza kijana wa kuosha magari anayepuliza mashine yake ya maji hapo hapo, na kutu inaingia. Hili si kosa la aliyeitengeneza. Chuma kina umri, kama mimi na wewe.

Jamaa yangu alianza kuona dalili kwenye kona. Akilala na pikipiki, nyuma inakuja kwa kuchelewa kidogo, kama mke aliyenuniwa. Akidhani ni upepo wa tairi, akajaza. Akidhani ni tairi, akanunua jipya. Mauno yakaendelea. Mwisho akaipeleka kijiweni kwa kijana mmoja fundi hodari wa bodaboda, ambaye aliiangalia, akaona nati kubwa ubavuni mwa difu, akasema, "Bro, hii ni kukaza tu. Nikuletee spana?"

Hapo ndipo mambo yaliponoga, kwa sababu jamaa alikuwa na mchongo. Mshiko ulikuwa umekata, kodi ya nyumba inakaribia, na alishampata mteja wa kuinunua ile BMW. Mteja anakuja Jumamosi. Akikaza ile nati, mauno yatatulia wiki moja, mbili, labda mwezi. Mteja ataondoka anapunga mkono. Baada ya hapo, kila mtu na Mungu wake.

Ijumaa jioni nikawa pale kwake, na tulikuwa tumemwita mzee mmoja fundi wa Gerezani ambaye alishika mashine za namna hiyo tangu ujana wake. Jamaa akamwamkia, "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia, akavua shati, akabaki na fulana, akaiweka pikipiki kwenye stendi kubwa ya katikati tairi la nyuma likiwa hewani. Nakueleza alichofanya, maana hakihitaji hata spana moja na wewe unaweza kukifanya leo.

Alilishika tairi, mkono mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa, akalisukuma na kulivuta. Tairi likacheza, ukasikia "ka-ka". Wengi wetu tungeishia hapo tukasema difu limekufa. Mzee akamwambia jamaa aendelee kutikisa, yeye akapiga magoti na tochi. "Usiangalie tairi," akasema, "angalia mshono." Kama tairi linacheza lakini nyumba ya difu imetulia, mgonjwa ni beringi kubwa iliyo ndani ya difu, na hiyo ni hadithi nyingine yenye bei nyingine. Kama nyumba ya difu yenyewe inacheza pamoja na tairi, na nafasi kati yake na swingamu inafunguka na kufunga, basi mgonjwa ni kiuno. Ilikuwa inafunguka na kufunga.

Jamaa akamwomba mzee aikaze tu, kwa sababu ya mteja wa kesho. Mzee hakumkaripia. Alijifuta mikono, akamuuliza, "Mwanangu, umemuuliza huyo mteja anapanda na nani?"

Kimya. Hata mimi mwenye mdomo sikuwa na la kuongeza. Jamaa mwenyewe siku zote nyuma yake anapanda mchumba wake, na tangu mauno yaanze alikuwa amemwambia apande daladala kwanza. Yaani alishajua. Aliijua hatari ya kutosha kumshusha mpenzi wake, ila si ya kutosha kumwambia mteja.

Mpenzi msomaji, usinielewe vibaya. Kukaza si dhambi. Pini ya upande mmoja wa kiuno kile imewekwa makusudi ili irekebishwe. Kama beringi ni nzima na imelegea tu, fundi mwenye kipimo ataiweka sawa na utaondoka salama. Tofauti utaijua hivi: tairi likishatolewa na ile fimbo ikafunguliwa upande mmoja, lipandishe na kulishusha difu kwa mkono. Likienda laini kama mlango wenye bawaba mpya, beringi nzima. Likikwaruza, au likinasa mahali fulani kama linaingia kwenye kijishimo, roli zimeshachimba. Ukikaza hapo, umezibana roli zilizokufa ndani ya mashimo yake. Mchezo unapotea, kiuno kinakuwa kigumu, beringi inamalizika haraka zaidi, na safari hii haikuonyi. Kwa hiyo ile spana inaondoa dalili tu, ugonjwa unabaki pale pale.

Lile difu la jamaa lilinasa.

Jumamosi mteja alikuja, kijana mwenzetu, kavaa kofia mpya ya pikipiki hata pikipiki yenyewe hajaipata. Jamaa akampeleka nyuma ya mashine, akamwambia mwenyewe, "Tikisa hapa." Yule kijana akatikisa, akasikia. Akaelezwa kila kitu na bei ikashushwa. Akasema ngoja akafikirie. Mpaka leo anafikiria. Jamaa alinuna wiki mbili, hataki kuniona mimi wala mzee, na kodi aliilipa kwa kukopa. Sitakudanganya kwamba ukweli unalipa papo hapo. Wakati mwingine ukweli unakupunguzia mteja na kukuachia usingizi.

Beringi ziliagizwa nje, zikachukua majuma yake, zikafika kwenye kipakiti ambacho ungedhani ni cha vitumbua viwili. Mzee akarudi, na yule kijana wa kijiweni akaja kujifunza, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko yote. Kazi ilikwenda hivi.

Kwanza tairi likatoka. Kalipa ya breki ikafunguliwa na kufungwa kwa waya kwenye fremu, maana kuiacha ining'inie kwa mpira wake wa breki ni kujitafutia balaa jingine. Fimbo ikafunguliwa. Mpira unaofunika maungio ya shafti ukalegezwa, na mzee akatia alama kwa rangi ili kila kitu kirudi kilivyokuwa, kwa sababu maungio ya shafti yana mpangilio wake na ukiukosea mashine itatetemeka. Chini ya difu likawekwa gogo lisije likaanguka.

Halafu ukaja mtihani wenyewe. Zile pini na nati yake kiwandani hutiwa gundi ya nyuzi, siyo mchezo. Kijana akadandia spana kwa mguu, mzee akamkamata bega. Ukilazimisha hivyo unang'oa nyuzi za swingamu, na swingamu si nati ya kununua Kariakoo. Mzee akaleta mashine ya kupuliza hewa ya moto, akapasha pale penye nyuzi mpaka kama nyuzi joto 120, gundi ikalegea, nati ikatoka kwa heshima. Spana ya namba 30 kwa nati, spana ya L namba 12 kwa pini. Difu likavutwa nyuma, likaachana na shafti.

Beringi kuukuu zilipotoka, kijana akapitisha ukucha ndani ya kikombe chake cha chuma. Ukucha ukanasa: mstari, mstari, mstari, kama meno ya kitana. Akasema "Duh!" tu. Hiyo ndiyo nati aliyotaka kuikaza.

Vikombe vipya viliingia baada ya nyumba ya difu kupashwa moto, bila kupigwa nyundo ovyo. Beringi zikajazwa grisi kwa kidole, roli kwa roli. Nyuzi zote zikasafishwa mpaka zikang'aa, kwa sababu gundi ya zamani ikibaki, kipimo cha kukaza kitakudanganya: utadhani umekaza kumbe unapambana na uchafu. Pini ya upande usiorekebishwa ikakazwa kwanza mpaka mwisho wa kipimo chake. Ile ya kurekebisha ndiyo ikafuata, na hapa nilishangaa. Inataka Nm 7 tu. Chukua spana ya mita moja, ning'iniza gramu 700 mwishoni, basi, hiyo ndiyo nguvu yote. Mtoto wa darasa la pili anaiweza. Kisha difu likapandishwa na kushushwa mara kadhaa ili roli zikae, kipimo kikarudiwa, ndipo nati ya kufungia ikakazwa huku pini imeshikiliwa isizunguke hata kidogo. Nati hiyo inataka zaidi ya mara kumi ya nguvu ile, na namba kamili inategemea modeli, kwa hiyo kitabu cha pikipiki yako ndicho kiseme, siyo kijiwe.

Utaona basi kwa nini kukaza kwa hasira kunaua. Beringi inataka kushikwa kwa vidole, nati ndiyo inayotaka misuli. Ukibadilisha hivyo viwili, umeharibu vyote.

Kuitunza si kazi kubwa. Kila unapobadili tairi au oili, tikisa kama mzee alivyotikisa. Ule mpira wa shafti ukipasuka, badilisha, maana maji yakiingia hayatoki. Mwambie muosha pikipiki asielekeze mashine ya maji kwenye maungio. Usidhani oili ya difu inalainisha kiuno, la hasha, kila kimoja kina chake, na pale hakuna tundu la kupigia grisi, kwa hiyo ukifungua kwa sababu yoyote, tia grisi mpya kabla ya kufunga. Wapo wanaotoa beringi za roli na kufunga bushi za shaba, kwa hoja kwamba kitu kinachopepesuka tu hakina haja ya roli. Hoja ina akili, ila bushi ichongwe na fundi mwenye kipimo, siyo mwenye matumaini.

Sasa wewe wa bodaboda ya cheni uliyekuwa unapiga miayo, zamu yako. Kiuno chako kipo pale swingamu inapoungana na fremu, karibu na mguu wako, boliti moja ndefu imepita katikati. Ndani kuna bushi: nyingine za mpira uliovikwa chuma, nyingine za plastiki ngumu, nyingine za shaba, na baadhi ya pikipiki zina beringi za sindano. Inua tairi la nyuma, hakikisha nati ya ekseli imekaza, kisha shika ncha ya swingamu uisukume kulia na kushoto huku unaangalia pale kwenye boliti. Ikicheza kwenye boliti, bushi zimekula. Kama swingamu imetulia na tairi peke yake linacheza, tazama beringi za tairi.

Bushi hizi ni bei ya chipsi mayai kadhaa, lakini nimeona kwa macho yangu bushi iliyochongwa kwa kipande cha tairi kuukuu, na mwenye pikipiki anapakia mama na mtoto. Ukimuuliza anakujibu pikipiki si yake, ni ya tajiri, bushi anunue tajiri. Tajiri naye anasema kwenye mkataba matengenezo ni ya dereva. Wakati wanabishana, kiuno kinaendelea kukatwa. Jamani, ubishi huo umalizwe siku ya kusaini mkataba: nani ananunua bushi, nani ananunua tairi, nani analipa fundi. Iandikwe. Abiria hakusaini chochote, yeye kapanda tu.

Na wewe abiria una haki yako. Ukiona nyuma inakuja kwa kuchelewa kwenye kona, mguse bega dereva, mwambie kwa adabu, "Kaka, hebu nishushe hapa." Akinuna, anune. Nauli ya kuanza upya ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Wikiendi hii, kabla ya kwenda kuangalia viuno vya ukumbini, kiangalie kwanza hicho chako. Dakika mbili tu, mkono juu, mkono chini, macho kwenye mshono. Ukisikia "ka-ka", usitafute mwenye spana ndefu, tafuta mwenye tochi.

Panapo majaaliwa, tukutane wiki ijayo.